Mashine ya Kutembea ya Fundi Liaquat

Wasikilizaji wapendwa wa Shinyanga, Kahama na Kishapu, na ninyi wa machimbo ya Geita mnaotusikiliza nyundo mkononi, pumzikeni kidogo. Leo tunamkumbuka fundi Liaquat wa Nyasubi, pale Kahama mjini. Fundi wa baiskeli na mashine za kusaga. Ametutoka wiki iliyopita, mwaka huu wa 1999. Ni yule mzee aliyewasalimu wateja "mwangaluka", salamu ya Kisukuma ya asubuhi, hata kama jua linazama, na ukimsahihisha ananuna.

Lakini simkumbuki kwa baiskeli. Namkumbuka kwa mashine ya kutembea.

Turudi mwaka 1994. Mama mmoja, Mageni, alitoka Kishapu akafikia kwa dada yake Nyasubi. Mgongoni alimbeba binti yake, Mbuke. Umri wa kwenda shule Mbuke alikuwa nao, na bado anabebwa. Ana mtindio wa ubongo. Akili anayo, maneno anayo, ingawa yanatoka polepole. Miguu ndiyo iliyokuwa inakakamaa na kupishana kama mkasi.

Baba yake, Bujiku, alikuwa amechoshwa na pamba, anahamia Geita kwenye dhahabu. Akamwambia mkewe: "Mama Mbuke, machimboni kuna mashimo kila mahali. Mtoto wa kubebwa tutamweka wapi? Nikija kuwachukua, akiwa anatembea, tunakwenda wote. La sivyo, abaki kwa bibi yake." Na bibi mwenyewe, wasikilizaji, hata ndoo ya maji hainui. Mageni alijua maana yake. Mtoto atalazwa ndani mchana kutwa, na yeye mama hayupo.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo, Euphrasia, alimweleza ukweli. Miguu ya Mbuke inaweza kufundishwa, ila lazima iongozwe hatua kwa hatua, tena na tena, kila siku. Mageni akajaribu. Mgongo ukagoma. Ndipo akaenda karakana kwa Liaquat, kuomba kitoroli cha kumsukumia mwanawe. Mzee akasikiliza habari yote, akasema: "Kama ni kurudiarudia, mwanangu, hiyo si kazi ya mgongo. Hiyo kazi ya mashine."

Akaitengeneza. Chini, mkanda mpana unazunguka. Juu, mikanda ya turubai inamshikilia mtoto asianguke. Pembeni, vyuma vinainua mguu mmoja, halafu mwingine. Na anayeendesha yote hayo ni Liaquat mwenyewe, kapanda pedali za baiskeli na kitambi chake! Euphrasia akaja, akakagua, akalegeza huku, akakaza kule. Akaonya: "Mashine ikimbeba tu, haitamsaidia. Naye lazima asukume. Mpeni sababu ya kwenda."

Hapo akaingia mke wa fundi, Mama Anar, muuza vitambaa. Alichukua jora la marekani, kile kitambaa cha pamba kisicho na maua, akachora barabara ya vumbi. Kwa kuwa Mbuke anapenda ng'ombe, akachora na kundi la ng'ombe. Jora likafungwa mbele ya mashine. Mkanda ukizunguka, jora nalo linateremka, na mtoto anajiona yuko njiani kweli.

Wapi! Ng'ombe wakitokea tu, Mbuke anakakamaa. Vyuma vinakwama. Kesho yake tena, ng'ombe wakitokea, anakakamaa. Watu wazima wakaanza kunong'ona. Amechoka. Anaogopa. Hawezi. Na Bujiku ameshatuma habari kwamba anakuja. Mageni akafunga nguo za mtoto kwenye kitenge, za kwenda kwa bibi.

Mama Anar ananisimulia: "Nilikuwa namfungua mikanda, machozi yananitoka. Nikamuuliza, Mbuke, mbona unasimama? Akanijibu, 'Nawapisha.'"

Nawapisha! Mama Anar, aliyekulia dukani, alikuwa amechora ng'ombe kwa mbele. Nyuso na pembe, wanamjia mtoto. Na mtoto wa wafugaji anafundishwa tangu mdogo: kundi likija, simama, lipite. Mbuke alikuwa na adabu zake. Alikuwa anangoja ng'ombe wapite, na ng'ombe wa jora hawapiti.

"Nilicheka mpaka nikakaa chini," anasema Mama Anar. Akachora upya. Safari hii ng'ombe wanaonekana kwa nyuma. Mikia mitupu.

Asubuhi wakamfunga Mbuke kwenye mashine. Mikia ikatokea. Mbuke akapiga mluzi! "Haya, twende!" Akaanza kuwaswaga. Liaquat akaziona pedali nyepesi, akaacha kukanyaga ili ajifute jasho. Mkanda ukaendelea kuzunguka. Mageni akapiga kigelegele, na fundi akabaki na kitambaa usoni, hakukishusha haraka.

Nisiwadanganye, Mbuke hakupona. Mtindio wa ubongo hauondolewi na mashine. Hadi leo anatembea na magongo, na mguu mmoja unaburuta. Lakini Bujiku alipofika, binti yake alitoka karakana mpaka mlangoni kwa miguu yake. Bujiku akageuka, akajifanya anatafuta kitu mfukoni. Kisha akasema: "Mama Mbuke, changanya nguo zake na zetu. Tunakwenda wote."

Aa, jamani. Kila nikifika hapa napumua.

Sasa Mbuke anasoma Geita, na watoto wengine wengi wamepita kwenye mashine ile. Wiki iliyopita alikuwa Nyasubi kwa likizo, akafika msibani. Jeneza la fundi lilipotolewa, Mbuke alisimama ukutani, akalipisha. Lilipokwisha kupita, akalifuata taratibu kwa magongo yake, mpaka pale wanawake walipoishia. Hakuna aliyemshika.

Mama Anar, mwanao Taufiq na ukoo mzima, poleni sana. Mwenyezi Mungu amrehemu mzee wetu. Wabeja, fundi, asante kwa yote.

Na wewe unayenisikiliza, kama nyumbani kwako yupo mtoto aliyesimama, usiwahi kusema hawezi. Muulize kwanza. Huenda anapisha.