Kanisa la Qutapampa na Mabenchi Yanayogeuzwa

Mgeni rasmi, Mhashamu Baba Askofu, Tumsifu Yesu Kristo.

Anayekusomea ni mimi, Saturnina Ticona, nimetumwa na wazazi wa Qutapampa. Karibu kwetu, huku juu milimani kwenye baridi. Supu ya kinoa, nafaka yetu ya mlimani, iko jikoni, na viazi vikavu vimesharowekwa. Ila tusidanganyane: tumefurahi kukuona, na shaka tunayo. Askofu alipofika hapa mara ya mwisho, wengi wetu tulikuwa tunabebwa mgongoni. Leo umekuja, wala si sikukuu. Kulikoni?

TULIKOTOKA

Kanisa hili la udongo walilijenga babu zetu. Shule hatukuwahi kupewa, ndipo katekista wetu, Don Hilarión Colque, akaanza kugeuza mabenchi. Jumapili yanatazama altare. Jumatatu tunayageuza yatazame ukuta wa nyuma, penye ubao. Mtihani wetu ni ibada yenyewe: mtoto akisoma somo la Jumapili bila kukwama, anapanda darasa. Akikwama, kanisa zima linaguna, na bibi yake analia.

TULIYOYAPATA

Watoto thelathini na mmoja wanajua kusoma. Na kusoma huko ndiko kulikotufumbua macho.

YANAYOTUTIA WASIWASI

Mwezi uliopita walikuja wanaume wawili na gari la jimbo lako, wakapima kanisa ndani, kona hadi kona.

"Mnapima nini, wanangu?" Don Hilarión akauliza.

"Mambo ya rangi tu, mzee wetu."

"Rangi gani hiyo ya kupima sakafu? Au mnataka kutupaka na sisi?"

Wakacheka, wakaondoka haraka mno. Karatasi yao waliiacha wazi juu ya benchi, bila shaka wakidhani huku hakuna wa kuisoma. Akaiokota Wara, mtoto wa miaka minane. Akapanda mimbarini kama alivyofundishwa, akasoma kwa sauti: "Nyumba ya wageni Qutapampa. Vitanda kumi na viwili. Baa, mahali pa altare." Hakukwama hata mara moja. Kwa mazoea akamalizia, "Neno la Bwana," na sisi, kwa mazoea yale yale, tukaitikia, "Tumshukuru Mungu."

Baba Askofu, aibu ile bado inatuwasha.

Tulimwuliza paroko. Alisema hajui, huku akitazama viatu vyake.

TUNACHOOMBA

Ombi ni moja. Utuambie leo, mbele ya watoto, kama karatasi ile ina baraka zako. Wakihamishwa hapa, hawana pengine pa kusomea, na jibu la "tutaliangalia" tumeshalisikia kwa wengine.

Utakuwa umeona kwamba mlangoni hukukabidhiwa ufunguo wa kanisa, ingawa ndiyo desturi yetu kwa kila Askofu. Hatukusahau. Wara ameuvaa shingoni. Ndiye atakayesoma somo la leo, na akimaliza atashuka na karatasi ile mkononi. Ukiichana, atakuvika ufunguo mwenyewe, nasi tutapiga vigelegele. Usipoichana, atabaki nao, maana kesho ni Jumatatu, na zamu ya kufungua darasa ni yake.

Mungu akulinde njiani, akupe afya, na akupe moyo wa kutujibu kabla supu haijapoa.

Ni sisi,
Wazazi wa Watoto wa Kanisa la Qutapampa.