Karanga za Mama Nabintu

Sogeeni karibu, wanangu, maana sauti yangu siku hizi haifiki hata mlangoni. Pacifique, weka simu mfukoni. Laetitia, wewe una mwandiko unaosomeka, shika daftari uandike, na mahali nitakapokosea usinirekebishe. Mimi Antoine Lwamba, baba yenu, niliyeuza dawa hapa Kabambare miaka thelathini na moja, nataka kugawa nilicho nacho nikiwa bado naziona nyuso zenu, kisha niseme jambo moja ambalo nimebaki nalo peke yangu tangu mama yenu afariki.

Nyumba ni yenu wote wawili. Msiiuze mwaka huu, kwa sababu kaburi la mama yenu Ernestine liko nyuma yake na sipendi mgeni alizoee haraka. Cherehani ni ya Laetitia. Duka ni la Pacifique, na najua, mwanangu, kwamba umekuja kutoka Kasongo ukiwa umeshapanga kichwani mahali pa kuweka rafu mpya. Si vibaya, mtu lazima ale. Lakini kabla hujaufungua ule mlango wa buluu, sikiliza kilichotoka ndani yake.

Miaka tisa iliyopita, ule mwaka wa mvua nyingi, Katembo alikuwa ananiletea katoni za dawa kwa pikipiki kutoka Kasongo. Kwenye mto Luama akateleza, katoni zikaingia majini. Alizitoa zote, hakuna chupa iliyovunjika, akafika hapa amelowa mpaka masikioni, akasema, “Muzee, dawa zako zimebatizwa.” Sikucheka. Etiketi zote, zile karatasi za jina la dawa, zilikuwa zimebanduka na kuwa kama uji. Nilimtukana mbele ya watu, na tangu siku ile nikawa simsalimii.

Kesho yake nilizianika chupa juani juu ya mkeka, nikakaa na kalamu na plasta, nikaziandika upya moja moja. Ndivyo tulivyofanya wauza dawa wote wa barabara hii kila msimu wa mvua, na hakuna aliyeona ajabu. Tulizitambua dawa kwa rangi ya kifuniko, kwa harufu, na kwa ulimi. Sasa, kwinini ya watoto ni chungu, na kwinini kali ya watu wazima, ile ya kuhesabu matone, ni chungu vilevile, na chupa zao za kahawia zilifanana. Nilionja, ulimi ukaniambia hii ni ya watoto, nami nikauamini kwa kuwa haukuwahi kunidanganya, au labda hakuna aliyewahi kurudi kuniambia.

Wiki ileile akaja Nabintu, mwanamke aliyetoka Bukavu na mume wake kutafuta dhahabu kwenye machimbo ya Lusangi. Mgongoni alikuwa na Cadette, mtoto wa miaka miwili, anawaka homa. Nikampa chupa, nikamwambia kijiko kimoja asubuhi, kimoja mchana, kimoja jioni. Siku ya nne homa ikashuka. Masikio ya mtoto hayakusikia tena mpaka leo.

Aliporudi alisema, “Muzee, homa ilimuchukua masikio, lakini wewe ulimurudishia uzima.” Mkono mmoja alishika kikapu cha karanga, mkono mwingine ile chupa, aliileta nimwongezee. Niliigeuza kwenye mwanga. Chini ya plasta yangu kilikuwa kimebaki kipande cha etiketi ya zamani, kidogo kama ukucha, na juu yake neno moja la Kifaransa: gouttes, yaani matone. Na kila muuza dawa anajua kwamba kwinini ikizidi huua masikio. Nikaiweka chupa mfukoni. Nikapokea karanga.

Amezileta kila mwaka tangu hapo, wanangu, kila mavuno. Mama yenu nilimweleza. Alizikaanga kwa ajili yangu, yeye hakuonja hata moja, wala hakunilaumu, aliniuliza tu, “Utamwambia lini?” Akafa akiningoja. Tangu hapo nazila peke yangu, kwenye kile kiti kinachotazama barabara, na watu wanapita wananisalimia kwa heshima, nami naitikia.

Lakini hilo si lote. Miaka minne iliyopita Emilienne, muuguzi wetu, aliita komite ya afya. Mimi ndiye niliyekuwa rais wa komite, mnakumbuka. Alitaka tuweke sheria hapa kwetu: dawa isiyo na etiketi ya kiwandani isiuzwe, hasa kwa mtoto, na muuzaji amsomee mama maandishi kwa lugha anayoielewa. Wauzaji wakanung’unika. Mmoja wao, Kamaldine, akasimama akasema, “Mama muguzi, hapa Kabambare hata sisi watu hatuna etiketi, na tunajuana.” Tulicheka wote, hata Emilienne. Kamaldine si mtu mbaya. Barabara ndiyo mbaya, na kwa sheria ile angetupa nusu ya duka lake. Kisha Emilienne akauliza, “Iko mutoto mwenye tunajua aliumizwa na dawa ya namna hii?” Wote wakanitazama mimi. Nikasema, “Hapana, mimi sijasikia.”

Hilo ndilo neno lililoua ile sheria. Karatasi ilikunjwa, na watoto wameendelea kunywa dawa tulizoziandika kwa kukisia. Ni wangapi, sijui. Hakuna anayejua, kwa sababu niliwaambia wasiulize.

Laetitia, usilie, andika. Pacifique, najua unataka kusema jina letu litachafuka. Litachafuka. Utaishi nalo, mimi nimeishi na lile safi na halikuniletea usingizi.

Nipe maji kidogo. Basi.

Sanduku la bati chini ya kitanda lina chupa kumi na moja zenye plasta zangu, na ile ya Nabintu. Mpelekeeni Emilienne, msizimwage mtoni. Daftari hili lisomwe kwenye komite, lote, Kamaldine akiwepo. Pacifique, duka utafungua siku sheria ile itakapopita, wewe ukiwa wa kwanza kuipigania. Kabla ya hapo uza sabuni na chumvi. Shamba la njia ya Lusangi ni la Cadette. Sio malipo, masikio hayalipwi. Mama yake akilikataa, msimbembeleze.

Katembo nilimwita jana, nikamweleza yeye kwanza. Alisema, “Kumbe miaka yote hii haukukuwa na hasira na mimi.” Kisha akaondoka kwenda Lusangi kumchukua Nabintu na mtoto. Siku nitakapozikwa, naye ashike jeneza.

Mungu awape ninyi mdomo mwepesi kuliko wangu. Mpendane. Mwenye kukosea kati yenu amwambie mwenzake mapema, wakati... wakati bado kuna mtu wa kumwambia. Nawabariki kwa mikono hii, iliyopokea nisichostahili.

Ile si pikipiki? Ni ya Katembo, naijua kwa kukohoa.

Mfungulieni. Kikapu, Nabintu asikiweke chini kwanza, anisikie kabla hajanipa. Fungua na dirisha, Laetitia. Niinueni kidogo... hapo. Cadette akae hapa mbele yangu, karibu, kwenye mwanga. Anasoma midomo, yule mtoto. Nipanguseni midomo.