Upepo Uliorudi Upande wa Pili

Siku ya tisa baada ya kimbunga, benchi lilikuwa bado mahali pake, mbele ya karakana ya Misumari. Vitu vya maana vilipeperuka, benchi likabaki. Na juu yake walikaa walewale, watu ambao ukiwakuta asubuhi utadhani wameajiriwa kukaa: Breki, fundi baiskeli; Profesa, mchonga mihuri aliyepata jina kwa kusoma magazeti ya kufungia misumari; na Misumari mwenyewe, seremala, mtu wa maneno machache, ambaye wiki hii hata hayo machache alikuwa ameyameza. Mama Birika, muuza kahawa, aliwamiminia vikombe. Katikati ya benchi waliacha nafasi ya mtu mmoja. Hapo alikuwa akikaa Paka, fundi bati, aliyeitwa hivyo kwa sababu hakuwahi kuanguka. Siku ya kimbunga alianguka, kutoka paa la zahanati ng'ambo ya barabara. Wakamzika kesho yake bila binti yake wa pekee, maana barabara zilikuwa zimekatika. Leo zimefunguliwa. Binti alikuwa njiani kuja kuchukua vifaa vya baba yake, na vifaa vilikuwa karakanani mwa Misumari. 

— Mimi nasema upepo ule haukuwa na adabu, Breki akaanza. Unaaga, halafu unarudi. Umesahau nini?

— Haukuaga, Profesa akasema. Kimbunga ni duara. Bahari ikipata joto, hewa ya juu yake inapanda. Hewa nyingine inakimbilia kuziba pengo. Sasa, kwa kuwa dunia inazunguka, hiyo inayokimbilia haifiki moja kwa moja. Inapinda, inapinda, mpaka inakuwa gurudumu. Na katikati ya gurudumu pametulia.

— Kumbe kosa ni la dunia! Kitu chochote kikizunguka bila breki, hiyo ni ajali inayosubiri saa yake.

— Baiskeli unazotengeneza wewe hazina breki, Mama Birika akasema, sembuse dunia.

— Na nani anayelisukuma hilo gurudumu hadi kwetu? Breki akauliza.

— Pepo za juu, Profesa akasema. Kimbunga hakina miguu, ni mkokoteni. Pepo kubwa za juu zikielekea huku, kinaletwa huku. Zikipinda, kinapita zake baharini, kinafia hukohuko, na wewe hujui hata kama kilizaliwa.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Amepona nani? Mama Birika akauliza.

Breki akanywa funda moja, akaona hapo pagumu, akahamia kwingine.

— Hamjui kitu nyinyi. Ni majokofu.

— Majokofu yamefanya nini? Profesa akauliza.

— Jokofu linatoa joto mgongoni. Weka mkono uone. Sasa hesabu majokofu ya dunia nzima. Joto lote lile linakwenda wapi? Baharini! Wenzetu wanakunywa maji baridi, sisi tunaezuliwa mapaa.

Profesa akasogeza kikombe chake mbali naye.

— Na ndege je? Breki akazidi kupanda. Zinakoroga hewa kama mwiko, mchana na usiku. Wewe ukikoroga chungu siku zote, hakitamwagika? Ila Paka alikuwa mwanamume. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Paka alipanda juu ya paa, Mama Birika akasema. Aliinama wapi?

Misumari hakucheka. Kwake upepo ule haukuwa bahari wala majokofu. Ulianza kupiga alfajiri kutoka upande wa soko. Saa nne ukakatika ghafla, kama mtu aliyefungiwa mlango. Mabati mawili ya zahanati yalikuwa yamebenuka, juu kabisa ya chumba cha wazazi, na ndani walikuwamo wanawake watatu na vichanga vyao. Paka akapanda na nyundo, Misumari akasimama chini ya ngazi. Wakafanya kosa ambalo ni fundi tu angelifanya: mifuko yote ya mchanga iliyolikandamiza paa wakaihamishia upande wa soko, ule uliopigwa, na upande wa shule wakauacha mtupu. Fundi huziba tobo analoliona. Paka akauliza kutoka juu, bila kuinua kichwa, kama aendelee. Misumari akamjibu, "Baada ya dhiki faraja. Malizia." Haikupita nusu saa upepo ukaja kutoka upande wa shule, mkali kuliko wa kwanza. Paa likanyanyuka lote kama kifuniko, na Paka juu yake. Wale wanawake walipona, wamelala chini ya vitanda na watoto wao vifuani.

— Shikamooni.

Hakuna aliyemwona akija. Begi begani, tope hadi magotini, paji la uso la baba yake vilevile.

— Marahaba, mwanangu, wakaitika. Pole sana. Pole, mama.

Akasimama. Hakukaa katika ile nafasi, na hakuna aliyemkaribisha hapo. Breki, kwa kuogopa kimya, akaanza tena habari ya duara. Profesa akamsaidia, akamweleza binti joto la bahari, mkokoteni, pepo za juu, na jinsi utulivu ule ulivyokuwa tundu la katikati tu, nusu ya pili ikiwa bado njiani. Alieleza vizuri. Binti alisikiliza mpaka mwisho, kama mtu anayesubiri mvua ipungue.

— Nimeelewa, wajomba. Ahsanteni. Upepo nimeuelewa.

Kisha akasema:

— Mimi nimekulia chini ya ngazi ya baba. Kazi ile ina sheria moja. Wa juu anatazama bati, wa chini anatazama mbingu. Wa juu hainui kichwa, akiinua anaanguka. Nani alikuwa chini?

Breki akachungulia kikombe chake. Profesa, aliyekuwa na jibu la bahari nzima, akaanza kufuta miwani. Mama Birika akainamisha birika, zikatoka mashapo. Wote walijua.

— Ni mimi, Misumari akasema.

— Uliona nini, baba mdogo?

— Jua.

— Jua?

— Mawingu yalifunguka juu yetu, mviringo, kama mdomo wa kisima. Jua likatoka. Hata ndege walikuwa wanaruka. Aliniuliza, mwanangu, nikamwambia amalizie.

Binti akashusha begi chini.

— Lilikuwa kali?

— Kali. Hata nguo ungeanika.

— Mimi nilianika, Mama Birika akasema, na sauti yake haikuwa ya kila siku.

Binti akainua uso kutazama mbingu. Ilikuwa safi, haina hata utando. Wote wakainua vichwa, wakaitazama pamoja naye, na hakuna hata mmoja aliyethubutu kusema imetulia.