Ngoma ya Watu

Basi lilipoingia Grant Street, huku ughaibuni, Ingabire, aliyehitimu chuo majuzi, alifunga kitabu ili asikie vizuri. Kiti cha mbele, Mama Generoza alikuwa akimwonyesha mzee asiyemfahamu fomu ya shule. Binti yake amechaguliwa kucheza ngoma ya Kiindonesia, na saini ya mzazi inatakiwa asubuhi hii.

"Donc, yaani mtoto yetu acheze ngoma ya watu?" mzee aliuliza. "Na ya kwetu itachezwa na nani, hao Waindonesia?"

"Mwalimu wake anasema kwao Waindonesia ni visiwa vingi na mamia ya lugha, Mzee. Wakachukua ile ya sokoni, wakaiandikia hadithi, wakaichezea filamu, mpaka wakajiona taifa moja."

Akilini, Ingabire aliviona visiwa hivyo vikielea dirishani, vikisalimiana kwenye theluji.

"Bon, sawa. Mimi walinifukuza milimani kwetu, sababu walisema sina taifa. Sasa mtoto aitupe ngoma ya kwake?"

"Haitupi, anaongeza nyingine. Tangu tufike huku hacheki, Mzee. Akiicheza hii, anacheka."

Mzee aliitazama tena fomu. "Inachezwa namna gani?"

Mama Generoza aliinua mkono, akavikunja vidole kwa nyuma, polepole kama theluji ya nje.

"Hiyo ni ngoma ama ni ugonjwa ya vidole?"

Walicheka wote wawili. Basi likasimama, Mama Generoza akashuka na fomu yake, bado haina saini.

"Ngoma ya watu, kweli!" mzee alinung'unika peke yake. Lakini juu ya goti la mzee, Ingabire aliona, vidole vilikuwa vikijikunja kwa nyuma, kimoja kimoja.