Ukingo Wetu wa Mto Uachwe Wazi

Sogeeni karibu, wanangu. Hidaya, kaa upande huu wa sikio linalosikia, na wewe Faraji usisimame mlangoni kama mtu aliyekuja kuuliza njia; keti hapa kitandani uniegemeze, maana nikilala chali pumzi inanikatika, na leo nina maneno ya kuwaachia. Msinikatize. Mtazungumza wenyewe nikishamaliza.

Nyumba hii ilijengwa ikiutazama mto. Nilipoletwa hapa bibi harusi kutoka Vuga, nyumba zote za mtaa huu zilikuwa na baraza upande wa maji, na mbele ya baraza ilipita njia ya miguu, kutoka sokoni hadi msikitini na kuendelea hadi kanisani kwa Walutheri, na mtu aliyetumwa chumvi alirudi nayo pamoja na habari za mtaa mzima. Baadaye magari yakaongezeka mjini, watu wakatoboa milango upande wa barabara, mto ukageuziwa mgongo. Baraza nyingi zikawa stoo na vyoo, na njia ikawa pa kutupa taka na kuegesha magari. Hakuna aliyekaa akaamua iwe hivyo. Kila mmoja alichukua kidogo mbele ya mlango wake.

Faraji, sikulaumu kwa kuosha magari pale ukingoni. Ulirudi kutoka Mombo injini ya gari lako imekufa, una watoto wanaotaka kula, na mahali penyewe palikuwa pamelala bure. Kazi ile imewasomesha wajukuu wangu na imeninunulia dawa. Kwa hiyo walipokuja watu wa halmashauri na michoro yao, wakisema wanataka mtaa wa kale uwe wa watembea kwa miguu, mawe yatandikwe, miti ipandwe, magari yaishie kule juu, nilikuelewa ulipokataa. Hata mimi niliona ni mambo ya kuwafurahisha watalii.

Kilichonigeuza ni ile Jumapili ya majaribio, walipoweka vizuizi magari yasishuke, na njia wakaimwagia changarawe. Wewe ulikaa juu ya ndoo umenuna, na Hidaya akanitoa nje nikaote jua barazani. Watu walipita, wengine sijawaona tangu nianze kuugua. Ndipo nikasikia magurudumu yanakwaruza changarawe, nikainua uso, nikamwona Jenoveva anakisukuma kiti cha baba yake, Mzee Tobia.

Mnajua tulivyomsema Tobia katika nyumba hii. Yeye na baba yenu Salimu walishona nguo chumba kimoja, wakitumia pasi moja ya mkaa, na mwezi wa Ramadhani Tobia alikula chakula chake cha mchana nyuma ya nyumba ili mwenzake asione. Halafu kiharusi kikamwangusha baba yenu, kikamchukua miguu na ulimi, akalala miaka, na kila viatu vilipolia nje aligeuza macho mlangoni. Tobia hakuja, na nyumba yake iko mtaa huu huu, bati lake linaonekana kutoka dirishani. Salamu alizotuma tuliziona si kitu kwa kuwa hakuzileta mwenyewe. Hata mazikoni hakuonekana. Jenoveva alikuja akaketi na wanawake, nami nikampa mkono bila kumtazama, na wewe Faraji mpaka leo unampita kama unapita nguzo ya umeme.

Jumapili ile nilimwamkia Tobia kwa sababu ulimi umezoea, moyo haukutaka. Akaitikia marahaba, akasema, "Mama Faraji, nimekuja kutoa pole."

Nikamuuliza, "Pole ya nini?"

Akasema, "Ya Salimu."

Akanieleza taratibu. Miguu yake iliishiwa nguvu mwaka ule ule aliougua baba yenu. Alijaribu kuja kwa barabarani, malori na bodaboda hayakumwachia pa kupita. Akajaribu kwa mtoni, kiti kikazama katika tope la maji ya kuoshea magari, kikampindua, akabebwa kurudi nyumbani kama gunia la kabichi, na kwa aibu akamkataza Jenoveva asimwambie mtu. Siku ya mazishi alikaa dirishani akasikiliza sauti za watu wakimsindikiza rafiki yake.

Faraji, ulikuwepo, ulisikia yote. Ukainuka ukaingia ndani bila kumpa shikamoo. Najua hukufanya kiburi. Ulisikia neno tope, ukalichukua peke yako. Liweke chini, mwanangu. Mtaa mzima ulilitengeneza tope lile.

Sasa shikeni haya. Nyumba ni yenu nyote kwa mafungu ya dini yetu, msiiuze. Kile kiwanja cha juu, kando ya barabara ya Mombo, nimempa Faraji ningali hai, na Hidaya ameridhia mbele ya shehe. Ukaoshee magari huko. Najua hayatakuwa mengi kama hapa, na mwanzo utaumia. Ukingo wetu uachwe wazi. Ningeweza kuamuru, nyumba bado ni yangu, lakini amri ya marehemu watu huishika mpaka arobaini, kisha hurudi kwenye shida zao. Kwa hiyo siamuru. Nakuomba.

Na wewe Hidaya, usifurahi mapema. Mahali pakipendeza watakuja wenye uwezo, watataka baraza yetu waweke viti vya kupendeza, na watakwambia umwondoe Sesilia anayeuza mapichesi yake pale mbele. Usimwondoe. Njia ile ni yake kabla ya kuwa ya wageni, yeye anayeshuka na mzigo kichwani tangu msichana.

Nipe maji kidogo... Inatosha.

Mkinitoa humu msinipakie garini. Baba yenu tulimpeleka juu ya pikapu kwa kuwa jeneza halikuwa na pa kupita mabegani mwa watu. Mimi nibebeni. Piteni mtoni, polepole, anayetaka kushika na ashike, Mwislamu na Mkristo.

Mungu awape usingizi usio na kinyongo. Awape watoto wenu miguu... na mahali pa kuikanyagisha. Muwe radhi nami kama nilivyo radhi nanyi.

Hidaya, nilaze.

Faraji, nipe mkono. Usinijibu kitu. Nenda sasa hivi kwa Mzee Tobia, kwa miguu, ukamwamkie... kisha urudi uniambie alivyoitikia. Nitajaribu kukungoja.