Cornelius Mwakio, Aliyeziacha Chupa Tatu Voi

Baada ya miaka ishirini na miwili katika dobi la hoteli yetu hapa West Bay, Doha, Cornelius Mwakio alivua aproni na kustaafu tarehe 29 Mei 2025. Wenzetu wa mapokezi huenda hawamjui kwa sura, kwa sababu dobi liko chini kabisa ya jengo, hakuna dirisha, na watu wa chini huonekana kwa shuka zao tu.

Alitoka Wundanyi, katika milima ya Taita yenye ukungu, akaikuta West Bay ikiwa na minara michache. Alianza kwa kusukuma toroli za nguo chafu, akapewa mashine za kufulia, na mwishowe akawa mkuu wa zamu ya asubuhi. Mvuke ukijaa chumba kizima alisimama katikati yake akatangaza, "Wundanyi imeshuka." Hapo kelele za mashine zilikuwa kama zinakwenda mbali. Kila mtu aliona kwao: huyu majani ya chai yenye umande, yule kibaraza cha shangazi yake kilichofagiliwa. Kisha mashine ikapiga kengele, tukarudi Doha.

Hakuwa malaika. Alikoroma hadi chumba cha pili kule Al Thumama tunakolala, na hakukubali kushindwa bao. Na ni yeye aliyepitisha soksi nyekundu ya Rodney, mlinzi wa bwawa, pamoja na makoti ya wapishi. Wapishi walihudumia harusi nzima wamevaa rangi ya waridi, na mama wa bwana harusi akausifu mpango huo. Tangu siku ile hakuna nguo iliyoingia majini kabla mkono wake haujaipapasa, hata taulo lisilo na mfuko.

Mazoea hayo aliyahamishia kwenye mizigo. Kwetu sisi wa mbali, anayekwenda likizo hurudi na vifurushi vya wenzake, na ni utovu wa adabu kuvifungua. Cornelius alivifungua vyote. Mwaka jana alipokwenda likizo, Dada Zainabu wa Tanga, anayelisha shuka kwenye mashine ya pasi, alimwagiza kifurushi kutoka kwa binamu yake aliyeolewa Voi. Ndani ya kanga mlikuwa na chupa tatu za vidonge vya mafuta ya mbegu za hempu, mmea wa ukoo wa bangi, ila huu haulevyi. Zainabu aliviona kwenye simu. Muuzaji alisema vinashusha presha, vinaleta usingizi, vinalainisha magoti na kung'arisha ngozi. Alichosahau kuahidi ni kufufua wafu.

Cornelius aliziacha chupa Voi, akaleta kanga peke yake.

"Kaka, umeniletea ganda," Zainabu alimwambia mbele yetu sote. "Ndizi iko wapi?"

"Ndizi yako ingenilaza kituo cha polisi, dada."

"Ni mbegu tu! Hazilevyi."

"Afisa wa uwanja wa ndege hatazionja kwanza. Ataangalia hilo jani lililochorwa kwenye chupa, basi."

Nusu yetu tulikuwa upande wa Zainabu. Tulisema mzee anajifanya afisa wa forodha. Zainabu akamnunia, akawa anampa shuka bila salamu, na dobi likapoa ingawa mvuke ulikuwa uleule.

Kumbe hakuna aliyejua kwamba Zainabu alikuwa amekwisha kuacha tembe zake za presha. Aliogopa msimamizi akiziona ataandikwa mgonjwa na mkataba wake usiongezwe, na ana watoto wawili sekondari. Alikuwa akiyasubiri yale mafuta, na usingizi ulikuwa umemhama. Asubuhi moja shuka zilianza kutoka upande wake zimepinda, kisha hazikutoka kabisa. Cornelius alibonyeza kitufe cha kusimamisha mashine, akamdaka kabla hajafika sakafuni.

Alikaa naye kliniki mpaka jioni. Nesi Jennifer, Mkenya mwenzetu, aliwaeleza bila kumcheka mtu. Mafuta ya mbegu hizo ni chakula, yana mafuta yenye faida kwa mwili, lakini hayajathibitishwa kuwa tiba ya presha, na hayachukui nafasi ya tembe alizoandikiwa. Tena hapa Doha kitu cha ukoo huo ni kujitafutia kesi. Zainabu akalia. Cornelius naye hakujipa ushindi. Alimwambia, "Nilikagua mzigo, nikasahau kumwuliza mwenye mzigo anaumwa nini."

Siku iliyofuata alikwenda kwa msimamizi wetu, Bwana Abdulrahman, Zainabu akiwa pembeni yake, wakasema yote. Msimamizi alimhamishia Zainabu kwenye kukunja taulo hadi apate nguvu, na mkataba ukaongezwa mwezi Machi. Kila asubuhi Cornelius alimmiminia chai ya maziwa, akasubiri tembe imezwe. Walikuwa wakibishana kama ndugu, tena kwa sauti.

Siku yake ya mwisho alizunguka dobi zima akiaga. Alipofika kwenye taulo alimkuta Zainabu amelala wakati wa mapumziko, shavu juu ya rundo lililotoka kwenye kikaushio, mdomo wazi kidogo, kama mtu aliyefika kwao. Tulitaka kumwamsha. Cornelius alitukatalia kwa mkono. Akavuta taulo moja akamfunika mabega, kisha akatoka kwenda kwenye basi bila kumuaga.

Zainabu alipoamka alitugombeza sote. Salamu zake ndizo hizi, pamoja na zetu: Kaka Cornelius, asante. Mungu akupe afya na majirani wasioudhika na kukoroma kwako. Ishi vizuri huko kwenye ukungu wa kweli, nasi tutakuwa tukikuota.