Wimbo wa Mwalimu Apige Nani?

Benchi letu liko chini ya ngazi za ghorofa, ubavuni mwa duka la dobi, na mwenye birika ni mimi. Nalisema mapema ili usinishangae nikipiga miayo. Anayemimina kahawa husikia kila upuuzi mara mbili, mara ya kwanza ukisemwa, mara ya pili ukirudiwa. Wateja wa kudumu ni wanne. Breki aliendesha malori ya masafa marefu mpaka macho yakamkatalia. Pasi ndiye dobi. Daktari si daktari, anauza tu kwenye duka la dawa, lakini ukimwita kwa jina lake haitiki. Wa nne ni Shemeji. Mkewe alikuwa Mwalimu, anafundisha piano chuo cha muziki pale nyuma ya barabara kuu, na kwa kuwa sisi sote tulimwita dada, mumewe akawa shemeji yetu. Miaka yote ilikuwa hivi: jioni Mwalimu akirudi kazini na kukaa kwenye piano yake, ghorofa ya kwanza, juu ya vichwa vyetu kabisa, Shemeji anashuka, anavuta nafasi yake benchini na kusema, "Ameshaanza." Nami nammiminia.

Mwalimu tulimzika mwezi uliopita. Kesho chuo kinamfanyia kumbukumbu, na wimbo wa kufungia ni ule alioupenda kuliko zote, wimbo wa usiku wa mmoja wa watunzi wale wa karne ya kumi na tisa, watu wa mahaba na majonzi. Wanafunzi wawili wanauweza, na kila mmoja anaupiga kivyake. Chuo kimemwachia Shemeji achague: wewe ndiye uliyemjua, tupe jibu leo kabla ya giza. Basi wote wawili wako nyumbani kwake, wanapokezana kwenye piano ya marehemu, dirisha wazi. Shemeji ameshuka kuomba ushauri. Masikini, kaja kwetu.

— Anayepiga sasa ni binti, — alisema, kikombe mkononi, hanywi. — Aliyemaliza ni kijana wa miwani. Mimi masikioni mwangu wimbo ni mmoja. Nisaidieni jamani, nimechoka. Tangu msiba sijalala usingizi wa maana.

— Si mmoja hata kidogo, — alisema Breki. — Kijana yuko gia moja tangu mwanzo mpaka mwisho, kama yuko kwenye lami iliyonyooka. Binti anajua kona. Anapunguza, anapunguza, unadhani kazima gari, halafu anaachia taratibu. Huyo ni dereva. Mwenda pole hajikwai.

— Anapunguza mno, — alisema Pasi. — Mtunzi ameshaandika noti zake. Kazi ya mpigaji ni kunyoosha. Binti anaacha mikunjo kila mahali. Mimi mteja akikuta mkunjo kwenye kola, nimwambie ni hisia?

— Na pasi ikizidi moto shati linaungua.

— Kijana hajaunguza kitu.

— Kakausha. Wimbo umekauka mpaka unakwaruza shingo.

— Bora unikwaruze shingo kuliko uniloweshe. Binti anakanyaga kile kikanyagio cha chini, haondoi mguu. Sauti ya zamani haijaondoka, mpya imeshaingia. Hiyo ni nguo nyeupe na ya rangi kwenye karai moja.

Daktari alikuwa akisubiri zamu yake kwa utulivu wa mtu mwenye dozi mfukoni.

— Kuhusu mguu, — alisema, — wahenga walishasema. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Inahusu nini hapa? — aliuliza Breki.

— Inahusu guu. Tusitoke nje ya mada. Nyinyi mnabishania mwendo wakati tatizo ni la kifua. Watunzi wa zama zile walikuwa wakikohoa, hilo kila mtu analijua. Mtu akitunga huku anakohoa, kikohozi kinabaki ndani ya wimbo. Pale binti anaposita, ndipo mtunzi mwenyewe aliposimama akatafuta leso. Kijana wa miwani anatupigia wimbo uliopona. Nani anataka wimbo uliopona kwenye kumbukumbu ya marehemu?

— Mimi nautaka, — alisema Pasi. — Wagonjwa tumechoka nao.

Niliwamiminia tena, maana ukiona Daktari ameshaanza tiba, jua kikao hakiishi leo. Shemeji alikuwa anaangalia vidole vyake. Nilitaka kuwaambia wenzangu wanyamaze, mtu ana jambo zito. Sikusema. Hata kusema kunachosha siku hizi.

— Ngojeni niwaambie siri ya piano, — alisema Pasi, na sauti ikapanda. — Mkono wa kushoto ni mume, wa kulia ni mke. Kwa kijana, wote wanafika nyumbani pamoja, wanakula pamoja. Kwa binti, wa kushoto ameshafika, ameshapakua, anasubiri mezani. Wa kulia bado yuko njiani anazubaa. Nyumba gani hiyo?

— Ndoa zote ziko hivyo, — alisema Breki. — Atakuja tu. Raha yenyewe ni kule kumsubiri.

— Na asipokuja?

Hapo wakakumbuka wamekaa na nani. Breki akakohoa, akatafuta pa kuegemea.

— Mimi ninavyoona, — alisema, sasa kwa sauti ya juu zaidi ili kufunika lile la mwanzo, — huyo mtunzi aliutunga wimbo huu akiwa safarini, kwenye gari la farasi lenye gurudumu moja bovu. Ndiyo maana mkono wa kushoto unasema dum-ta-ta, dum-ta-ta. Ni gurudumu hilo. Gurudumu bovu haliendi gia moja. Sikieni hapo, sikieni binti anavyosita. Mtoto wa kike kaiva.

— Hapo kazidisha kusita, — alisema Pasi. — Kama kawaida yake.

— Hiyo ni leso, — alisema Daktari.

Wakati huo alikuwa akishuka ngazi muuguzi, mpangaji mpya wa ghorofa ya pili. Amehamia wiki hii hii, Mwalimu hakuwahi kumwona. Alikuwa na sare yake na mkoba, anangoja gari la kumpeleka zamu.

— Shikamooni, — alisema. — Naomba kahawa, kama ipo.

— Marahaba. Karibu, mwanangu, — nilimwambia. — Tuko kwenye ubishi, usitujali. Tunamsifu na kumlaumu binti anayepiga piano.

— Anayepiga ni kijana, — alisema muuguzi. — Nimepita, mlango uko wazi. Binti amesimama pembeni na vitabu vyake, yeye alishamaliza kitambo.

Breki aliangalia dirisha kama limemdanganya. Pasi akakuna kidevu. Daktari alisema kwamba kikohozi huambukiza.

Ikabidi tumweleze muuguzi habari yote, tangu msiba hadi chuo na jibu linalotakiwa kabla ya giza. Alimpa Shemeji pole kwa heshima, akanywa funda moja, akauliza:

— Samahani baba, naomba kuuliza. Marehemu mwenyewe alikuwa anaupigaje? Anasubirisha kama binti, au anakwenda moja kwa moja kama kijana?

Shemeji aliinamia kikombe chake. Tulimwangalia, kisha tukaacha kumwangalia. Breki akasema, "Mwalimu alikuwa..." akaishia hapo. Pasi, ambaye duka lake liko chini ya dirisha lile miaka yote, akaanza kukung'uta vumbi ambalo halikuwapo kwenye goti lake. Nilijipekua na mimi. Nilikuta vikao vyote, nani alisema nini, nani alinuna. Wimbo sikuukuta.

— Hao wanafunzi si wanajua? — aliuliza muuguzi.

— Hawajui, — alisema Shemeji. — Aliwanyima makusudi. Alisema mwalimu akiupiga mbele yao watamwiga, na yeye hataki kuigwa. Kila mtu autafute wa kwake. Chuoni hakuupiga hata siku moja. Alikuwa anaupiga nyumbani tu, jioni.

— Kwa hiyo aliyemsikia ni wewe, — alisema muuguzi, bila ubaya wowote.

— Nilikuwa nashuka.

Aliweka kikombe chini, kahawa imejaa bado.

— Akikaa tu kwenye piano, nashuka. Nilidhani namwachia nafasi. Uongo, nilikuwa nafuata maneno huku. Siku moja akaniambia, mume wangu, waambie wenzako wapunguze sauti kidogo, kuna mahali hapa sisikii vizuri ninachopiga. Nikamjibu kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Akacheka. Akafunga dirisha. Na nyinyi sikuwaambia.

Kweli hakutuambia. Lakini dirisha tulikuwa tunalisikia likifungwa, jioni baada ya jioni, na hatukuuliza.

Juu, piano ilinyamaza. Binti mwenyewe akachungulia dirishani, mtoto mwenye adabu zake.

— Shikamooni wazee. Samahani, tunafunga kidogo ili tusikilizane.

Akavuta dirisha. Komeo likakwaruza, halafu likagonga.

— Sauti hiyo naijua, — alisema Shemeji.

Alituangalia machoni mmoja mmoja, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi. Piano ilianza tena nyuma ya kioo, sauti imefifia, na kutoka benchini usingejua kama ni binti au ni kijana. Shemeji akainuka, akajishika kiuno kama mzee, na bado si mzee sana.

— Unakwenda wapi, Shemeji? — aliuliza Pasi. — Hujatuambia unamchagua nani.

— Wameshaanza, — alisema, na safari hii akapanda ngazi kwenda kusikiliza, mkono ukipapasa ukuta.

Muuguzi alinyoosha kikombe nimwongeze. Nikainamisha birika, yakatoka machicha tu. Akasema haidhuru, na wengine hawakudai.